Majirani wa Kawangware

Mdogo wangu ameolewa Kawangware, huu mwaka wa kumi na tatu. Watoto wake wote watatu amewazalia Nairobi, na kibanda chake cha mitumba ya watoto kiko hatua chache kutoka steji ya 46. Jioni ya pili tangu nishuke basi kutoka Morogoro nilimuuliza, kwa nia njema kabisa, kama amekwisha kumwona simba wa Nairobi. Alinitazama kama niliyemuuliza kama amekwisha kulala Ikulu.

"Dada, hiyo ni ya wazungu," akasema, akarudia kusukuma chapati.

Nilishangaa, maana kutoka pale alipokuwa amesimama hadi lango kuu la Hifadhi ya Taifa ya Nairobi hakufiki kilomita ishirini. Hifadhi yenyewe ina umri mkubwa kuliko sisi wote, imekuwapo tangu 1946, ya kwanza nchini Kenya, kilomita za mraba 117 za nyika zinazoanzia pale nyumba zinapokoma. Sisi wa Morogoro tumezoea wanyama kwa namna nyingine. Barabara kuu ya kwenda Iringa inakata katikati ya Mikumi kwa kilomita 50 hivi, na mtu anayekwenda zake msibani Mbeya, kuku wake chini ya kiti, anawaona twiga na pundamilia dirishani bila kulipa wala kuomba. Bango la barabarani linakutajia faini ya kila mnyama utakayemgonga, na abiria hulisoma kwa sauti kama bei za sokoni. Hatuiiti utalii. Ni njia tu. Nairobi ndipo nilipoona jiji linalopakana na simba, halafu watu wake wanamwona simba yuko mbali kuliko Mombasa.

Mdogo wangu yumo kwenye chama. Kwetu tungesema upatu, au vikoba, lakini chama cha Nairobi ni zaidi ya hapo: ni benki, ni mahakama, ni kamati ya mazishi. Wao ni akina mama kumi na tisa, wengi Waluhya, na kwa miaka miwili walikuwa wakitenga pesa ya safari ya Mombasa. Pesa haikuwa ikifika Mombasa. Kila ikikaribia Voi, mtoto wa mtu anafukuzwa shule kwa karo. Kuja kwangu kukawapa njia. Mwenyekiti alisimama akasema mgeni ametoka Tanzania, hawezi kurudi akaeleze kwamba Kenya yote ni Kawangware. Pakapigwa kura. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, nami nikakubali kuwa dawa bila kuuliza ugonjwa.

Basi Jumamosi asubuhi tukapanda matatu ya viti 33, watu wazima ishirini na mmoja, na watoto ambao sikuwahi kupata hesabu yao. Konda, kijana wa miaka kama ishirini na mbili, akafungulia Bongo Flava kwa heshima yangu. Mimi nyumbani husikiliza kwaya, lakini nilitikisa kichwa kwa uzalendo. Kabla hatujafika kona ya kwanza nilikuwa nimekwisha kubatizwa Mama Bongo.

Kiti cha mbele yangu alikaa shosho. Nairobi kila bibi ni shosho, awe wako asiwe wako. Nilimwinamia kidogo nikasema, "Shikamoo, bibi." Gari zima likaangua kicheko. Shosho mwenyewe akanijibu, "Niko sawa." Ikabidi nieleze kwamba kwetu mdogo husema shikamoo, mkubwa hujibu marahaba, na asiyeamkia huonekana hakulelewa. Shosho akalionja lile neno mara mbili tatu mdomoni. "Marahaba," akasema. "Kama jina la hoteli."

Tulikwama barabara ya Naivasha nyuma ya mkokoteni wa punda uliosheheni mitungi ya maji. Punda hakuwa na haraka, mwenyewe pia hakuwa na haraka, na honi ya matatu haikubadilisha kitu. Hapo ndipo shosho alipogeuka akaniuliza kama najua maana ya Kawangware. Ngware, akasema, kwa Kikuyu ni kwale, yule ndege mnono wa shambani anayekimbia kabla hajaruka. Hapa palikuwa pa kwale. Yeye alipokuwa msichana mdogo aliwasikia wakilia alfajiri kwenye mahindi, na baba yake aliwatega. "Sasa ndege wetu ni yule," akasema, akanyosha kidole juu ya bucha moja ambako mwewe alikuwa akizunguka taratibu, akisubiri muuza nyama ageuze kisogo.

Tulianzia kwa Sheldrick, kituo cha ndovu yatima kilichomo hifadhini, kwa sababu pale hupokea watu saa moja tu, tangu saa tano mpaka saa sita, wakati ndovu wadogo wanapokunywa maziwa na kuoga tope. Langoni tukasimamishwa. Tangu Juni 5, 2020, Kenya imekataza chupa za plastiki za kutumia mara moja ndani ya hifadhi zake, na sisi tulikuwa nazo katoni nzima. Akina mama wa Kawangware hawaachi mali. Walizifungua wakayanywa maji yote palepale, wakipokezana, watoto wakilazimishwa. Matokeo yake yalitufuata mchana kutwa.

Hapo kwenye foleni nilisema neno "tembo", na mama mmoja aliyewahi kufanya kazi Kilifi akaniuliza kama Watanzania huanza kunywa mapema hivyo. Kwake yeye tembo ni pombe ya mnazi. Mnyama ni ndovu. Nikamjibu kwamba Tanzania Ndovu ndiyo bia. Naye akanikumbusha Tusker, yenye kichwa cha ndovu kwenye nembo kwa ajili ya George Hurst, mmoja wa ndugu walioanzisha kiwanda, aliyeuawa na ndovu mwaka 1923. Tukakubaliana kwamba mnyama huyu, kila upande wa mpaka, ameishia kwenye chupa.

Kumbe hata wale wadogo wameishia kwenye chupa. Walitokea vichakani mbio, masikio yakipiga kama nguo kwenye kamba, wengine wamefunikwa blanketi mgongoni. Walezi, wanaume waliovaa makoti ya kijani, walikuwa wamesimama na chupa kubwa za maziwa, na kila ndama alipofika alidaka chuchu, akafumba macho, chupa ikaisha kabla hujasema bismillahi. "Woiye!" akina mama wakaimba kwa sauti moja. Hilo neno kwetu hatuna, na tungelihitaji. Lina huruma na mapenzi ndani yake, na kicheko kidogo pia.

Mmoja wa walezi alitueleza kazi yao. Wengi wa watoto hawa ni yatima wa ujangili au wa ukame, wengine wametolewa kwenye visima walimotumbukia. Ndama hunywa kila baada ya saa tatu, usiku na mchana. Usiku mlezi hulala naye chumba kimoja. Kupata maziwa yenyewe kulikuwa kazi ya miaka, kwani mafuta ya maziwa ya ng'ombe yaliwaua, mpaka Daphne Sheldrick alipogundua kwamba wanaweza kuishi kwa maziwa ya watoto wa binadamu yaliyotiwa mafuta ya nazi. Hapo nilijiona mtu wa Pwani kidogo. Mfuko unaokiendesha kituo aliuanzisha mwaka 1977, kumkumbuka mumewe David, aliyekuwa mhifadhi wa kwanza wa Tsavo Mashariki. Wakikua, ndovu hupelekwa huko Tsavo, au msitu wa Kibwezi, na polepole hujiunga na wenzao wa porini.

Kisha akaeleza jambo ambalo sikulitarajia. Walezi hubadilishana. Haruhusiwi mtu mmoja kulala na ndama yuleyule kila siku, maana ndama atamzoea yeye tu, na siku akienda likizo mtoto atakataa kula. Daphne alijifunza hilo kwa machungu. Ndama wake Aisha alimzoea yeye peke yake, na Daphne alipoondoka kwenda kwenye harusi ya binti yake, Aisha alisusa chakula akafa.

Mama aliyekaa kando yangu, ambaye hadi wakati huo alikuwa amecheka kuliko wote, alinyamaza. Yeye huenda Lavington kwa miguu kila alfajiri, kulea watoto wa watu. Kutoka Kawangware hadi Lavington ni kuvuka tu. Ukuta mmoja, na mabati yanakuwa vigae. "Hivyo ndivyo tunafanyiwa," akasema kwa sauti ya chini. "Mtoto akianza kuniita mama, madam anatafuta mwingine." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu aliyekuta kanuni ya kazi yake imeandikwa mahali ambapo hakutegemea kuisoma. Ndama mmoja alikuja hadi kwenye kamba, akanyosha mkonga wenye tope, akamfutia tope lote kwenye sketi yake ya kanisani. Akaanza kucheka upya.

Walitueleza pia kwamba mtu aliyeko ng'ambo anaweza kumlea ndovu kwa kutuma fedha, kuanzia dola 50 kwa mwaka, naye akatumiwa habari za mtoto wake. Mwekahazina wa chama alizipiga dola kwa shilingi kwenye simu yake, akatazama jibu, akairudisha simu kwenye pochi.

Kutoka hapo hadi Kituo cha Twiga, Lang'ata, si mbali. Nikiri kwamba mimi ninayetoka nchi ambayo twiga ni mnyama wa taifa, timu ya wanawake inaitwa Twiga Stars na saruji ni ya Twiga, sikuwahi kumkaribia twiga kuliko upana wa barabara. Na hawa si twiga wetu. Wa Mikumi wana madoa yaliyochanika pembeni kama majani, yakishuka hadi kwato. Hawa madoa yao yanaishia magotini, chini weupe mtupu, kama wanafunzi wa bweni waliovaa soksi.

Historia yao iliwagusa wenzangu kuliko mimi. Twiga hawa wa aina ya Rothschild walikuwa wamebaki wachache mno, 130 hivi, kwenye shamba moja kubwa la Soy, karibu na Eldoret, na shamba lile lilikuwa likigawiwa wananchi wasio na ardhi. Jock Leslie-Melville na mkewe Betty wakamchukua ndama mmoja, Daisy, wakamlea nyumbani kwao Lang'ata, wakaanzisha mfuko wa uhifadhi mwaka 1979, na 1983 kituo kikafunguliwa kwa watu wote. Twiga wengine wakahamishiwa hifadhi nyingine za Kenya.

"Soy?" mwenyekiti akadakia. "Soy ni kwetu kabisa! Ukivuka tu uko Lugari." Akawatazama wale twiga kwa jicho jipya, la mtu aliyekutana na jirani wa kijijini katikati ya jiji. "Kwa hivyo na hawa walikuja Nairobi kutafuta maisha."

"Ndiyo," mdogo wangu akasema, "lakini wao walipata Karen, sisi tukapata Kawangware."

Palepale kwenye baraza la juu, ambalo limejengwa kwa kimo cha kichwa cha twiga, kila mmoja alipewa konzi ya chakula kilichofinyangwa kama njugu. Watoto walisukumana kwanza, kisha wakaogopa. Ulimi wa twiga ni karibu nusu mita, mweusi wa zambarau, na una utelezi ambao hausahauliki haraka. Shosho alisubiri mpaka vurugu zikapungua. Akasogea kwenye ukingo, akafungua kiganja. Twiga jike akaja bila kelele, akainamisha kile kichwa kirefu chote, macho yenye kope za bibi harusi yakashuka, shingo ikajikunja mbele ya yule bibi kizee.

"Marahaba," shosho akasema.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Hakuna aliyeelewa isipokuwa walioelewa, na baada ya hapo kila mtoto alitaka kuamkiwa na twiga.

Chini ya baraza walikuwapo ngiri, wakipiga magoti kuokota masazo. Kijana wa mdogo wangu, ambaye kwetu angeniita mama mkubwa lakini huku mimi ni anti, aliruka akapiga kelele, "Pumbaa! Anti, ona Pumbaa!" Nikamuuliza mnyama yule anaitwaje kwa Kiswahili. Akanishangaa. "Si ndiyo hiyo? Pumbaa." Ana haki, maana pumbaa ni Kiswahili safi, lilichukuliwa na filamu ya Marekani ya mwaka 1994 pamoja na simba na rafiki, likarudi Nairobi na nguruwe mgongoni. Nilimfundisha neno ngiri. Alilisema mara moja kwa adabu, kisha akarudi kwenye lile la kwake.

Chakula tulikula ndani ya matatu, chini ya mti, madirisha yote wazi. Kuku wa kienyeji, ambaye Waluhya humwita ingokho na kumgawa kwa itifaki kamili (finyango la mgeni lina jina lake, na ole wako ukilikataa), chapati, ndengu, na chai ya chupa. Chai ndiyo inayonikumbusha kila mara kwamba nimevuka mpaka. Kwetu chai ni chai, na maziwa lazima uyataje. Kenya ukisema chai umekwisha kusema maziwa. Ya rangi ndiyo huombwa kwa maelezo, kama mtu mwenye ushauri wa daktari. Nilikunywa vikombe vitatu nikaacha maelezo.

Mchana tulimalizia kwenye lango kuu la hifadhi, ambako kuna kituo cha wanyama yatima na njia ya mbao iliyoinuliwa juu ya ardhi, unatembea huku unawatazama chini. Mbele ya uzio mmoja wenzangu waliganda, kisha wakaanza kuniita kwa fujo. Kwenye kibao palikuwa pameandikwa "Bongo".

"Mama Bongo! Njoo usalimie ndugu yako!"

Alikuwa swala mkubwa, rangi ya chungu kipya, mistari myeupe imechorwa mgongoni kama kwa chaki. Niliwaeleza kwamba Bongo yetu sisi inatokana na ubongo, kwa kuwa Dar es Salaam asiyetumia akili halali na chakula tumboni, lakini maelezo yangu yalichelewa. Picha zilikuwa zimekwisha kupigwa, mimi na ndugu yangu. Bongo wa milimani hapatikani porini kwingine duniani ila kwenye misitu ya nyanda za juu za Kenya, na waliobaki huko hawafiki mia. Wazazi wao wa zamani waliuzwa ng'ambo kwa ajili ya bustani za wanyama, na mwaka 2004 vizazi vya wale waliouzwa, 18, walirudishwa Mlima Kenya kutoka Marekani ili wazalishwe upya. Mama mmoja, ambaye mwanawe wa kwanza yuko Marekani na hajarudi, aliuliza nani aliwalipia nauli.

Na simba? Simba tulimkuta kwenye kituo cha yatima, amelala chali nyuma ya wavu, tumbo juu, mguu mmoja umening'inia. Mdogo wangu alimwangalia kwa muda mrefu. Miaka kumi na mitatu.

"Ndiye huyu?" akasema. "Analala kama baba watoto siku ya Jumapili." Akampiga picha, akamtumia mumewe bila neno lolote. Jibu lilikuja baada ya dakika moja, naye akaificha simu isionekane, lakini alikuwa akitabasamu hadi tulipopanda gari.

Tulirudi kwa barabara ya Southern Bypass, jua likiwa usoni. Watoto walikuwa wamelala wakiegemeana. Upande wa kushoto ulikuwa msitu wa barabara ya Ngong, mzito, kijani kibichi. Upande wa kulia mabati ya Kibera, wekundu wa kutu mpaka macho yanapokoma. Konda ndiye aliyenigusa bega. Amezaliwa Kibera, Laini Saba. "Anti, unaona? Msitu huku, msitu kule." Nikadhani ni mzaha. Lakini ndivyo, kibra kwa Kinubi ni msitu. Wanubi walikuwa askari kutoka Sudan waliopigana katika jeshi la kikoloni la KAR, wakapewa mahali hapo pa kukaa. Mwaka 1918 zilitengwa rasmi ekari 4,197. Walipokuja kupata hati, mwaka 2017, ilikuwa ya ekari 288. Konda alizijua hesabu zote mbili kwa kichwa, kama wengine wanavyojua matokeo ya mpira. Tuliupita msitu mmoja, tukaupita wa pili. Shosho alikuwa macho, akitazama nje upande wa miti.

Kawangware tulifika magharibi. Moshi wa soseji za mutura ulikuwa umeshapanda, spika za steji zikishindana, muuza mayai akipita katikati ya magari na ndoo yake. Matatu ikasimama ghafla, hatua chache kabla ya kituo. Mbele yetu palikuwa na mkokoteni wa punda na mitungi ya maji, labda ni wa asubuhi, labda ni mwingine.

Mlango ulipofunguliwa, yule kijana wa Pumbaa alikuwa wa kwanza kuteremka. Akaenda moja kwa moja kwa punda, akatia mkono mfukoni, akatoa konzi ya vile vidonge vya Lang'ata vilivyolowa jasho, akafungua kiganja jinsi alivyomwona shosho akifanya. Punda akanusa. Akala vyote, akalamba na mkono.

"Wewe kijana," mwenye punda akaita kutoka nyuma ya mitungi, "unalisha punda wangu nini?"

"Chakula ya twiga."

Mwenye punda akafikiri kidogo. "Usimzoeshe," akasema. "Kesho ataniitisha."